Ticonderoga na Slava: kruza ipi uichague ukitaka kuisoma manowari ya kisasa

Katika majira ya baridi ya 1982 kuingia 1983, mataifa mawili yaliyokuwa yakivutana katika kila bahari ya dunia yalipokea kruza, yaani manowari kubwa za daraja la juu, za aina mpya karibu kwa wakati mmoja. Marekani iliiingiza kazini USS Ticonderoga tarehe 22 Januari 1983, na Umoja wa Kisovyeti ukaipokea Slava, meli ya kwanza ya mradi ulioitwa 1164 Atlant, katika majira hayohayo. Tangu hapo meli za familia hizi mbili zimepita katika vita, ajali na matengenezo ya miaka mingi, na kila familia imeandikiwa kiasi cha kumshughulisha msomaji kwa muda mrefu. Mwanafunzi wa masomo ya ulinzi anayetafuta mada ya tasnifu, mwandishi wa habari anayetaka kuelewa vita vya baharini vya karne hii, na fundi wa mifano midogo ya meli anayepanga kazi ya miezi kadhaa, wote hufika mahali pa kuamua waanze na ipi.

Nimeziweka hapa bega kwa bega ili kuurahisisha uamuzi huo. Msimamo wangu ni kwamba anayetaka kuelewa kruza ya kisasa ni chombo cha namna gani, kina nguvu gani na hushindwa vipi, aanze na Ticonderoga. Sababu yangu ni moja: kruza ya leo huishi au hufa kwa kadiri inavyokijua kinachoizunguka, na kwa kadiri watu waliomo ndani wanavyousoma vizuri ujuzi huo chini ya shinikizo. Jambo hili linaonekana wazi zaidi katika historia ya Ticonderoga. Hata hivyo wapo wasomaji ambao Slava itawafaa zaidi, na nitawataja mahali pao.

Zilikusudiwa kufanya nini

Kruza ya zamani ilikuwa meli ya kwenda mbali peke yake. Wasomaji wa pwani yetu wanaifahamu kupitia SMS Königsberg ya Wajerumani, iliyoizamisha HMS Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika delta ya Rufiji hadi ilipoangamizwa Julai 1915. Meli ile iliishi kwa mizinga, mwendo na makaa ya mawe. Kruza ya makombora iliyozaliwa baada ya Vita Kuu ya Pili ina maisha mengine: mara nyingi husafiri ndani ya kundi, na thamani yake hupimwa kwa uhusiano wake na manowari ya kubeba ndege. Ticonderoga ilijengwa ili kuilinda manowari hiyo, na Slava ilijengwa ili kuizamisha. Karibu kila tofauti nitakayoieleza hapa chini inatokana na malengo hayo mawili.

Wamarekani wa miaka ya 1960 na 1970 walihofia kwamba ndege za masafa marefu, nyambizi na meli za Kisovyeti zingerusha makombora mengi kwa mpigo dhidi ya kundi moja la meli, mengi kuliko ambayo rada za kuzunguka na waendeshaji wanaoandika alama kwenye vioo wangeweza kuyafuatilia. Jibu lao likawa mfumo uliopewa jina la Aegis, ambao ndani yake rada, kompyuta na virusha kombora hufanya kazi kama kitu kimoja. Wasovyeti kwa upande wao hawakuwa na manowari za kubeba ndege za kulingana na zile za Marekani, wala hawakuwa na nia ya kuzijenga kwa idadi ileile. Wao walitafuta kombora kubwa lenye kasi kuliko sauti, ambalo meli moja ingeweza kulirusha kutoka mbali kabla ndege za adui hazijaifikia. Kila upande ulijenga kwa mujibu wa hofu yake, na hofu hizo zilikuwa na msingi.

Mwili na silaha

Ticonderoga haikuanza ikiwa kruza. Ilichorwa juu ya mwili wa manowari za aina ya Spruance, ambazo Wamarekani waliziita destroya, daraja lililo chini ya kruza, na yenyewe iliagizwa kwa daraja hilohilo la destroya kabla ya kupandishwa kuwa kruza tarehe 1 Januari 1980. Urefu wake ni mita 173, upana karibu mita 17, na uzito wake ikiwa na shehena kamili unakaribia tani 9,800. Kuuweka mzigo mkubwa wa rada na silaha juu ya mwili uliokusudiwa kitu chepesi zaidi kulikuwa na gharama: sehemu ya juu ya sitaha ilijengwa kwa alumini ili kupunguza uzito, na miaka ilivyopita alumini hiyo ikaanza kupata nyufa ambazo mafundi wamehangaika nazo hadi leo. Anayesoma uhandisi wa meli asiipite habari hii haraka, kwa kuwa inaonyesha jinsi uamuzi wa kuokoa fedha mwanzoni kwa kutumia mwili uliokuwapo tayari unavyodai malipo yake baada ya miaka thelathini.

Slava ni ndefu na nzito zaidi. Ina mita 186 kutoka omo hadi tezi, upana wa karibu mita 21, na uzito wa tani zinazokaribia 11,500. Zote mbili huendeshwa kwa injini za turbini za gesi na zote mbili huzidi maili 30 za baharini kwa saa, hivyo kwa mwendo hakuna la kuchagua kati yake. Idadi ya watu iko juu kidogo katika Slava, ambayo huhitaji takribani watu 500, wakati Ticonderoga huhitaji kati ya 330 na 400.

Tofauti inayoonekana hata kwa mtu asiyejua lolote kuhusu manowari ni mahali silaha zilipowekwa. Slava imebeba mirija 16 mikubwa ya makombora nje kabisa, minane kila ubavu, imepangwa miwili miwili ikiinamia mbele. Ndani ya kila mrija mna kombora la P-500 Bazalt, au katika meli zilizoboreshwa P-1000 Vulkan, lenye uzito wa karibu tani tano, lenye kasi inayozidi ya sauti na uwezo wa kupiga shabaha iliyo umbali wa mamia ya kilomita. Hakuna kitu katika Ticonderoga kinachokaribia nguvu hiyo dhidi ya meli nyingine. Makombora yake manane ya Harpoon ni madogo, ya mwendo wa chini ya sauti, na yamewekwa nyuma karibu na tezi kama kitu cha ziada. Anayevutiwa na upambanaji wa meli kwa meli atakuwa ameshapata jibu hapa, na jibu lake ni Slava.

Lakini nguvu ya Ticonderoga imefichwa chini ya sitaha, na huko ndiko ninakomwomba msomaji akae kwa muda. Meli tano za kwanza, yaani Ticonderoga, Yorktown, Vincennes, Valley Forge na Thomas S. Gates, zilikuwa na virusha kombora vya mikono miwili, vilivyolazimika kupakiwa upya baada ya kila mrusho. Kuanzia USS Bunker Hill, iliyoingia kazini mwaka 1986, virusha hivyo viliondolewa na mahali pake pakachimbwa visanduku 122 vya wima, 61 mbele na 61 nyuma, ambavyo kila kimoja kinaweza kubeba kombora la aina tofauti: la kuangusha ndege, la Tomahawk la kupiga nchi kavu umbali wa zaidi ya kilomita 1,000, au la kuwinda nyambizi. Maana yake ni kwamba kazi ya meli hubadilishwa kwa kubadilisha mzigo wa visanduku, bila kuirudisha karakana kukatwa na kuungwa upya. Slava ilizaliwa na kazi moja kubwa ikabaki nayo. Bunker Hill na zilizoifuata zilizaliwa kwa ajili ya vita dhidi ya Wasovyeti, vita hivyo havikutokea, nazo zikapata kazi nyingine mwaka baada ya mwaka. Kwa maoni yangu visanduku hivi vimebadilisha ujenzi wa manowari duniani kuliko kitu kingine chochote cha kizazi kile, na leo ni vigumu kuikuta manowari mpya ya daraja la juu isiyofuata mpango kama huo.

Idadi nayo ni hoja. Ticonderoga zilijengwa 27, katika karakana za Ingalls huko Pascagoula, Mississippi, na Bath Iron Works katika jimbo la Maine, na ya mwisho, Port Royal, iliingia kazini mwaka 1994. Za mradi wa Slava zilianzwa nne, zote katika mji wa Mykolaiv nchini Ukraine, lakini zilizokamilika ni tatu tu: Slava yenyewe, Marshal Ustinov, na ile inayoitwa sasa Varyag. Ya nne, Ukraina, ilikaribia kukamilika Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika, na tangu hapo imekaa gatini Mykolaiv bila kwenda baharini kwa kazi. Mtafiti anayehitaji mifano mingi ya kulinganisha ndani ya aina moja hatatosheka na meli tatu.

Macho ya meli

Ukitazama jengo la juu la Ticonderoga utaona bamba bapa zenye pembe nane, moja kila upande. Hizo ndizo sura nne za rada ya SPY-1. Hazizunguki, miale yake huelekezwa kwa umeme, hivyo rada hii hutazama pande zote kwa wakati mmoja na kufuatilia shabaha nyingi sana bila kusubiri antena imalize mzunguko. Kombora linaporushwa, kompyuta huliongoza sehemu kubwa ya safari, na rada za kumulika shabaha, ambazo ni nne, huhitajika sekunde za mwisho tu. Kwa njia hiyo meli moja inaweza kuwa na makombora mengi angani kwa pamoja, kila moja likielekea shabaha yake.

Slava ina rada nzuri za kuzunguka kwa ajili ya kutazama mbali, na ina makombora 64 ya S-300F, ambayo kwa wakati wake yalikuwa miongoni mwa makombora bora ya kuangusha ndege yaliyokuwa juu ya maji. Tatizo liko katikati ya viwili hivyo. Makombora yote 64 huongozwa na rada moja tu, ile iliyowekwa nyuma ya mabomba ya moshi, ambayo hugeuzwa kuelekea upande mmoja kwa wakati mmoja. Shambulio likitoka pande mbili zinazopingana, au rada hiyo ikiharibika, ghala lote la makombora ya masafa marefu linabaki bila mwongozo, na ulinzi unaachiwa makombora madogo ya Osa na mizinga sita ya milimita 30 inayofyatua kwa kasi. Wachoraji wa Kisovyeti walilijua jambo hili. Waliikubali hatari hiyo kwa kuwa Slava ilitarajiwa kupigana ikiwa chini ya mwavuli wa meli nyingine na ndege za nchi kavu. Siku ilipotakiwa kujilinda bila mwavuli huo, kama tutakavyoona, haikuwa na akiba ya kutosha.

Zilivyotumika

Ticonderoga ilipelekwa pwani ya Lebanon mwaka uleule wa 1983. Mwaka 1986 ilikuwa katika Ghuba ya Sidra wakati Marekani ilipopambana na Libya, pamoja na Yorktown, ambayo Februari 1988 iligongwa makusudi na frigeti (manowari ndogo kuliko kruza) ya Kisovyeti, Bezzavetny, ndani ya Bahari Nyeusi katika ubishi juu ya haki ya kupita. Haya ni matukio ya kusomwa, lakini hakuna linalolingana kwa uzito na lile la tarehe 3 Julai 1988.

Asubuhi hiyo USS Vincennes ilikuwa katika Mlango wa Hormuz, ikipambana na boti za Iran na imeingia katika maji ya nchi hiyo, wakati ndege ya abiria aina ya Airbus A300 ya Iran Air, safari namba 655, iliporuka kutoka Bandar Abbas kwenda Dubai. Uwanja ule ulitumiwa na raia na jeshi pia. Ndani ya chumba cha mapambano watu waliamini wanaikabili ndege ya kivita ya F-14 inayoshuka kuwashambulia. Kumbukumbu za mfumo wa Aegis, zilizochunguzwa baadaye na jeshi lenyewe, zilionyesha ndege inayopanda, ndani ya njia ya anga ya abiria, ikitoa ishara ya ndege ya kiraia. Makombora mawili yalirushwa. Watu wote 290 waliokuwemo walikufa, wakiwamo watoto 66. Kamanda wa frigeti ya Marekani iliyokuwa karibu, USS Sides, alisema baadaye kwamba yeye hakuiona ndege ile kuwa tishio. Mwaka 1996 Marekani ilikubali kulipa dola milioni 61.8 kwa familia za waliokufa.

Ninalitilia mkazo tukio hili kuliko mengine yote kwa sababu ya kile ambacho mashine ilikijua. Rada haikukosea. Namba sahihi ziliandikwa na kuhifadhiwa, na watu waliokaa mbele ya vioo, katikati ya mapigano ya mizinga na kelele, wakatamkiana namba zisizokuwepo. Mwanafunzi anayetaka kuandika juu ya uhusiano wa binadamu na mifumo inayojiendesha hatapata mfano ulioandikwa kwa undani zaidi ya huu, wala wenye haki kubwa zaidi ya kukumbukwa kwa ajili ya waliopoteza maisha. Suala lenyewe halijaisha: tarehe 22 Desemba 2024 USS Gettysburg, ya familia hiyohiyo, iliiangusha kwa makosa ndege ya Marekani yenyewe aina ya F/A-18 juu ya Bahari ya Shamu, wakati wa mapambano na Wahouthi wa Yemen, na marubani wake wawili wakaokolewa.

Uimara wa mwili wake ulipimwa tarehe 18 Februari 1991 katika vita vya Ghuba, mabomu mawili ya kutega baharini ya Iraq yalipolipuka chini na kando ya USS Princeton. Sitaha ilipasuka na usukani mmoja ukakwama, lakini hakuna aliyekufa, na mabaharia waliirudisha mifumo ya silaha kazini kwa muda mfupi, meli ikabaki mahali pake kuendelea kulilinda eneo lile hadi ilipopokewa zamu. Mwaka huohuo San Jacinto na Bunker Hill zilikuwa miongoni mwa meli za kwanza kurusha Tomahawk dhidi ya Iraq. Februari 2008, USS Lake Erie ilirusha kombora la SM-3 kutoka Bahari ya Pasifiki na kuipiga setilaiti mbovu ya Marekani iliyokuwa zaidi ya kilomita 200 juu ya dunia, kazi ambayo mwaka 1983 hakuna aliyewahi kuitarajia kwa kruza.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki kuna jambo la karibu zaidi. Machi 2006 USS Cape St. George ilirushiana risasi na maharamia mbali na pwani ya Somalia. Februari 2009 USS Vella Gulf iliwakamata watu saba katika Ghuba ya Aden kwa tuhuma za uharamia, na mwezi uliofuata watuhumiwa hao wakafikishwa Mombasa kukabidhiwa kwa mamlaka za Kenya. Unaweza kuuliza kama meli yenye visanduku 122 vya makombora ndiyo inayofaa kukimbizana na mashua ndogo, na swali hilo ni la haki. Jibu langu ni kwamba rada, helikopta mbili na uwezo wa kukaa baharini kwa miezi vilikuwa na kazi kubwa kuliko makombora, ingawa meli ndogo ya doria ingeifanya kazi hiyo kwa gharama ndogo zaidi.

Historia ya Slava ni fupi zaidi lakini ina uzito wake. Desemba 1989 ilipelekwa Malta kwa ajili ya mkutano wa Mikhail Gorbachev na George Bush, na mpango ulikuwa viongozi wakutane juu ya manowari za pande zote mbili, ya Marekani ikiwa kruza ya zamani zaidi, USS Belknap. Dhoruba iliwalazimu kukutana katika meli ya abiria ya Maxim Gorkiy iliyokuwa gatini. Mwaka uliofuata Slava iliingia karakana kule ilikozaliwa, Mykolaiv, na kwa sababu ya kuvunjika kwa dola na ukosefu wa fedha ilikaa huko karibu muongo mzima. Ilipotoka ilikuwa na jina jipya, Moskva, na ikawa meli kuu ya Kikosi cha Bahari Nyeusi. Ilishiriki katika vita vya Georgia mwaka 2008, katika kuziba njia za meli za Ukraine huko Crimea mwaka 2014, na mwishoni mwa 2015 ilisimama mbele ya pwani ya Syria ili makombora yake ya S-300F yalilinde anga, baada ya Uturuki kuiangusha ndege ya Urusi.

Usiku wa tarehe 13 Aprili 2022, ikiwa kusini mwa Odesa, Moskva ilipigwa. Ukraine ilisema makombora yake mawili ya Neptune, yaliyorushwa kutoka nchi kavu, ndiyo yaliyoipiga, na maofisa wa Marekani wakathibitisha hivyo. Urusi ilisema moto ulilipua risasi ndani ya meli na kwamba ilizama katika bahari iliyochafuka ikiwa inavutwa. Picha zilizotoka zinaonyesha meli imelalia ubavu wa kushoto, imeungua katikati. Tarehe 14 Aprili ilizama. Urusi ilikiri mtu mmoja kufa na 27 kutojulikana walipo, na baadhi ya familia zikajitokeza kusema kwamba wana wao waliopotea walikuwa vijana waliochukuliwa jeshini kwa mujibu wa sheria. Tangu kruza ya Argentina, General Belgrano, ilipozamishwa mwaka 1982 pamoja na watu 323, hakuna manowari kubwa kiasi hicho iliyopotea vitani.

Kombora la Neptune lina kichwa kidogo likilinganishwa na yale 16 yaliyokuwa ubavuni mwa Moskva, na huruka kwa mwendo wa chini ya sauti, chini chini juu ya maji. Hilo ndilo shambulio ambalo S-300F na Osa zilikuwa kazini kulizuia. Wachambuzi bado wanabishana iwapo rada zilikuwa zimewashwa, iwapo mabaharia walikuwa wamejiandaa, na iwapo hali ya hewa iliwafunika washambuliaji. Ubishi huo wote unahusu kujua na kuwa macho. Hakuna anayeuliza kama makombora ya Moskva yalikuwa makubwa ya kutosha.

Ya kuchagua

Anayeandika juu ya ulinzi wa anga, mifumo ya kompyuta vitani, au makosa ya binadamu, achukue Ticonderoga, na ndani ya familia hiyo achukue Vincennes na Princeton kwa pamoja, kwa kuwa moja inaonyesha jinsi watu walivyoshindwa ndani ya meli isiyo na hitilafu, na nyingine inaonyesha jinsi watu walivyofaulu ndani ya meli iliyovunjika. Nyaraka za uchunguzi wa Vincennes zilitolewa hadharani na zinasomeka. Anayetaka kusoma habari za bajeti na uzee wa meli atapata hazina humohumo: wakaguzi wa serikali ya Marekani walieleza Desemba 2024 kwamba karibu dola bilioni 1.84 zilizotumika kuboresha kruza nne zilipotea bure, kwa kuwa meli hizo ziliondolewa kazini. Meli hizi zinastaafu kwa kasi, na mwezi Novemba mwaka huohuo Jeshi la Wanamaji lilitangaza kuongeza muda wa tatu tu, Gettysburg, Chosin na Cape St. George.

Anayeandika juu ya Bahari Nyeusi, juu ya namna nchi isiyo na meli kubwa inavyoweza kuikatalia bahari nchi iliyo nazo, au juu ya mirathi ya viwanda vya Kisovyeti, achague Slava bila kusita. Meli iliyojengwa Mykolaiv imezamishwa kwa kombora lililobuniwa Kyiv, na ndugu yake asiyekamilika bado yuko gatini palepale. Mada hiyo inastahili tasnifu nzima. Lakini mtafiti huyo ajiandae kukabiliana na taarifa zinazopingana, na awe na uwezo wa kusoma Kirusi au Kiukraine, au mwenzake anayeweza. Ikiwa anataka meli ambayo bado inasafiri, Marshal Ustinov ilifika Cape Town Novemba 2019 kwa mazoezi na Afrika Kusini na China, na Varyag iko Pasifiki.

Kwa fundi wa mifano midogo shauri langu linageuka. Slava ni meli nzuri zaidi kuitazama. Mirija yake 16, milingoti yake mizito na rada zake nyingi humpa mtu kazi ya kuonyesha mikono yake, wakati jengo la Ticonderoga ni la kuta pana zilizonyooka. Akichagua Ticonderoga aamue mapema kama anajenga moja ya zile tano za mwanzo zenye virusha vya mikono, au moja ya zenye visanduku, kwa sababu sitaha zake hazifanani na kosa hilo likishagandishwa kwa gundi halirekebishiki.

Na kama mtu hataki kusoma historia, anataka kufuatilia kruza ambayo maisha yake yako mbele, aiangalie China. Manowari za Type 055, ya kwanza ikiwa Nanchang iliyoingia kazini Januari 2020, zina urefu wa mita 180 na visanduku 112 vya wima, na rada bapa zisizozunguka. China yenyewe inaziita destroya, lakini Marekani inazihesabu kuwa kruza. Hazijawahi kupigana, na mengi yanayoandikwa juu yake nje ya China ni makadirio, hivyo zinamfaa mtafiti aliye tayari kukusanya habari kidogo kidogo kwa miaka mingi kabla ya kuandika.